Vyama vya Wanawake Mafundi na Wasanii katika Njia ya Kasongo: Kutoka Soko la Nyangwe hadi Lelemama

1. Utangulizi

Historia ya vyama vya wasanii aghalabu huandikwa kwa kufuata hati: katiba, daftari la wanachama na kumbukumbu za mikutano. Kipimo hicho kikitumiwa peke yake kusini mwa Maniema, wanawake wafinyanzi, wasusi na waimbaji wa Kasongo na Kabambare hutoweka wote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chama cha ufundi hutambulikana kwa kazi zake, yaani kulinda wenye ufundi, kufunza, kupima ubora na kusaidiana, na kwamba kazi hizo zilifanywa na wanawake wa njia hiyo kabla ya kuwapo msajili wa vyama.

2. Soko kama chombo cha wanawake

David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare ya leo, mwaka 1869, na Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871. Shajara yake yaeleza soko kubwa ambamo wengi wa wauzaji walikuwa wanawake, wakileta vyombo vya udongo, mawese, chumvi, samaki na vyakula. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kanuni aliyoishuhudia: hata majirani walipokuwa vitani, wanawake waendao sokoni walipita njiani bila kudhuriwa. Hiyo ilikuwa himaya ya kazi yao, nayo ilitambuliwa na pande zote.

Himaya hiyo ilivunjwa tarehe 15 Julai 1871, wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani walipowafyatulia risasi watu wa soko la Nyangwe. Livingstone alikisia waliokufa kuwa mamia, wengi wao wanawake, baadhi kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Mauaji hayo huhesabiwa katika historia ya biashara ya utumwa. Ni sehemu pia ya historia ya ufundi, kwa kuwa waliouawa ndio waliofanya kazi na kuiuza.

3. Njia ya pwani

Tangu takriban mwaka 1875 Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na Kabambare ikawa kituo katika njia ya kwenda Ujiji. Kiswahili, Uislamu, kilimo cha mpunga na mavazi ya pwani vilienea. Wanawake wengi wa Maniema walipelekwa Ujiji na Unguja, wengine wakiwa mateka, wengine wakiwa wake. Huko walikuta ufundi wenye utaratibu wake. Ukili, kwa mfano, husukwa kwa ukindu uliopakwa rangi, kisha huungwa kwa kushonwa hadi ukawa mkeka. Na anayejua hasa ndiye anayemwonyesha mwanagenzi.

4. Lelemama

Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya lelemama ilitoka Unguja ikaenea pwani. Katika Mombasa, utafiti wa Margaret Strobel umeonyesha kwamba vikundi vya lelemama vilikuwa na vyeo, mashindano na msaada wa shida na raha, na kwamba cheo kilipatikana kwa kutoa karamu. Hivyo mwanamke wa asili ya utumwa aliweza kupata heshima ambayo nasaba ilimnyima. Hapa pana maana kubwa kwa wenye asili ya Maniema: mtu aliyeng'olewa kwao alihitaji ukoo mpya, na ngoma iliweza kuwa ukoo huo.

Vikundi hivyo havikuwa vya burudani tu. Vile vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana Mombasa kwa mavazi na kwa nyimbo za mafumbo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ushindani wa aina hiyo uliingia katika vyama vya wanawake Waislamu vilivyoshughulikia elimu na maendeleo. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma mwaka 1955 kuwaingiza wanawake katika TANU. Mtandao wa wasanii ulikwisha kuwapo, siasa iliukuta.

5. Hitimisho

Kasongo ilitwaliwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893, na Kabambare mwezi Januari 1894. Vitu vilivyochukuliwa katika vita hivyo vilipelekwa Ubelgiji. Katika makusanyo ya namna hiyo ni kawaida kuandikwa jina la kabila na la aliyekusanya, wala si la aliyetengeneza. Kwa sababu hiyo, hati zitamtaja askari zikamsahau mfinyanzi.

Utafiti wa akiolojia na masimulizi uliofanywa Kasongo na wataalamu wa Kongo na Ubelgiji, na kuchapishwa mwaka 2020, umedhihirisha kwamba kumbukumbu za wenyeji ni ushahidi. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyo karibu ni kukusanya msamiati wa ufundi vinywani mwa wanawake wenyewe: majina ya udongo, ya misuko na ya hatua za ngoma. Msamiati huo ndio daftari la wanachama. Nao hupungua kila bingwa mmoja anapofariki.