Lubutu: Saa na kamba vyatosha kupima pumzi ya mkimbiaji

Kwenye viwanja vya mpira vya Lubutu, jimboni Maniema, kama kwingineko, mchezaji anayemaliza dakika 90 akiwa bado na mbio husifiwa kwamba ana pumzi. Anayeishiwa nguvu kipindi cha pili huitwa mvivu. Lakini pumzi inapimika, na kipimo hicho kinaweza kuonyesha kwamba yule anayeitwa mvivu ni mgonjwa.

Wataalamu wa michezo hutafuta kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja. Kipimo hicho, VO2max, huhesabiwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito. Maabarani, mkimbiaji huvishwa barakoa na kukimbia juu ya mashine inayoongezwa kasi mpaka ashindwe.

Asiye na maabara ana njia nyingine. Mwaka 1968, Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alichapisha jaribio la dakika 12. Waamuzi wengi wa mpira wamepimwa kwa jaribio hilo kwa miaka mingi.

Namna ya kupima

Chukua kamba ya mita 50, pima mzunguko wa kiwanja. Jipashe moto, kisha kimbia dakika 12 ukihesabu mizunguko. Mizunguko 7 na nusu ya mita 320 ni mita 2400. Toa 505, halafu gawa kwa 45: utapata takribani 42. Hayo ni makadirio ya VO2max yako. Aliyefika mita 2800 anapata kama 51.

Usianze kwa kasi ya mwizi aliyefumaniwa. Anayechoka dakika ya 4 hupata namba iliyo chini ya uwezo wake.

Namba kubwa si ushindi

Wakimbiaji 16 wa daraja la juu walipimwa katika mradi wa kuvunja saa 2 za marathoni, uliofikia kilele chake mwaka 2017. Wastani wao ulikuwa 71. Hata hivyo, namba hiyo peke yake haisemi nani atashinda. Zersenay Tadese wa Eritrea, aliyeshika rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 58 na sekunde 23 tangu 2010 hadi 2018, aliwashangaza watafiti kwa oksijeni kidogo aliyotumia kwa kila kilomita. Ni kama pikipiki mbili zenye injini sawa: inayokunywa mafuta kidogo ndiyo itakayofika mbali.

Kwa hiyo kijana wa Lubutu asijilinganishe na bingwa. Ajilinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwenye kiwanja kilekile na saa ileile. Asubuhi ni bora, kwa sababu joto na unyevu wa msituni hupandisha mapigo ya moyo na kupunguza mbio.

Namba inaposhuka

Oksijeni husafirishwa na chembe nyekundu za damu. Malaria huharibu chembe hizo, na minyoo ya tumbo nayo inaweza kupunguza damu. Mchezaji aliyekuwa akifikia mita 2600, kisha akashuka hadi 2200 huku akiendelea na mazoezi, huenda amepungukiwa damu. Kumwongezea mazoezi kama adhabu ni kumwumiza zaidi. Apelekwe kwanza kituo cha afya, apimwe malaria na kiwango cha damu.

Mapigo ya moyo pia husaidia. Yahesabu asubuhi kabla ya kuamka kitandani, kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyepumzika, kawaida ni kati ya 60 na 100. Wakimbiaji waliozoea huwa chini ya hapo. Yakipanda ghafula kwa siku kadhaa, pumzika.

Mwenye homa, maumivu ya kifua au kizunguzungu asifanye jaribio hili. Wengine wanaweza kulirudia kila baada ya wiki 6. Mwalimu wa timu aandike matokeo ya kila mchezaji kwenye daftari, ili asimhukumu mtu kwa macho tu.