Viwanja vya Watoto (2): Mjenzi Ajue Pa Kuishia

Wiki iliyopita tulizungumzia watoto wa mijini wanaochezea barabarani kwa kukosa mahali. Leo tuingie kwenye ujenzi wenyewe, na nianze na mtu aliyejenga kidogo sana.

Carl Theodor Sørensen alikuwa msanifu wa bustani nchini Denmark. Aligundua kwamba watoto walikuwa wakiviacha viwanja walivyotengenezewa na wataalamu na kukimbilia penye majengo yasiyokwisha, wakachezee mabaki ya mbao na matofali. Mwaka 1943, nchi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, wazo lake lilipata nafasi katika nyumba za ushirika za Emdrup, jijini Copenhagen. Eneo lilizungushiwa tuta la udongo, kisha ndani yakamwagwa mbao, matofali na vyuma chakavu. Basi. Watoto wakajenga vibanda, wakachimba mapango, wakabomoa, wakaanza upya. Lile tuta lilikuwa na hekima yake: wapita njia hawakuiona ile vurugu, na watoto nao hawakukodolewa macho. Baadaye Sørensen alisema kuwa katika kazi zake zote hiyo ndiyo iliyokuwa na sura mbaya kupita zote, na kwake ndiyo iliyokuwa nzuri kupita zote.

Mwingereza Lady Allen wa Hurtwood alifika Emdrup mwaka 1946, akalipeleka wazo hilo London, ambako mabomu yalikuwa yameacha viwanja vitupu kila mtaa. Huko Tokyo, wakazi wa Setagaya walifungua kiwanja cha Hanegi mwaka 1979 wakishirikiana na serikali yao ya mtaa. Watoto huko hutumia nyundo na misumeno, hata kuwasha moto, na wanaojitolea ni wazazi na majirani.

Sasa tazama siku ya kujitolea ilivyo kwetu. Watu wanakuja na ari, na ndoo za rangi. Hadi jioni kuna meli ya mbao yenye usukani na bendera, na picha zimeshapigwa. Jumatatu mtoto anakuta kila kitu kimeamuliwa: meli ni meli. Lakini mtoto huyohuyo akijipikilisha uani, kifuu ni sufuria na mchanga ni wali. Kesho kifuu kilekile ni kofia ya askari. Msanii Mwingereza Simon Nicholson aliandika mwaka 1971 kwamba ubunifu wa watoto hukua kadiri vitu vinavyohamishika vinavyozidi kuwa vingi. Bibi zetu hawakuhitaji makala hiyo, ila wahandisi wetu wanaihitaji.

Kwa hiyo nguvu za wanaojitolea ziende kwenye yale ambayo mtoto hawezi: uzio, kivuli, choo, maji ya kunawa, na mchanga wa kutosha chini ya kila kitu kinachopandwa. Mengine yaletwe bila kuunganishwa: maboksi, madumu, magunia, vipande vya kanga, mianzi, vifuu. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu lisiingie kabisa, hata likioshwa mara kumi. Mapaleti ya mizigo yatazamwe muhuri wake: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, MB maana yake zilifukizwa kwa kemikali ya methili bromidi, basi yaachwe.

Matairi nayo yana maneno. Kila mtu huyaleta kwa sababu ni ya bure. Tairi lililolala hushika maji ya mvua, na humo huzaliana mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengue, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka kwa milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Litobolewe matundu chini, au lifukiwe nusu likiwa limejazwa udongo. Lililoanza kutoa nyuzi za chuma lirudishwe lilikotoka.

Linalosahaulika zaidi ni mtu. Emdrup ilikuwa na mlezi wake, John Bertelsen, na kazi yake haikuwa kuwafundisha watoto mchezo bali kuwapo, kuwapa vifaa na kutazama hatari. Kamati nyingi hupata watu hamsini wa kujenga Jumamosi moja, zisipate wawili wa kushika ufunguo kila jioni. Mimi ningetafuta hao wawili kwanza, na nisingechimba shimo hata moja kabla hawajapatikana.

Wiki ijayo: kiwanja ni cha nani, na barua ya maombi iandikwe kwa ofisi ipi.