Bando linaisha usiku, watoto wamelala

Mzazi wa Mwankoko, Singida, anaweka bando jioni kwenye ruta ya laini ya simu. Asubuhi limekwisha, na watoto wanaapa hawakugusa kitu. Kabla ya kumgombeza mtu, akague kompyuta ya kijana. Programu za BitTorrent, teknolojia iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, hupakua filamu huku zikiwagawia watu wengine. Filamu ikikamilika, ugawaji huweza kuendelea usiku kucha, na MB zinazotoka nazo hukatwa.

Kufunga dirisha pekee hakutoshi. Mara nyingi programu hubaki ikifanya kazi chinichini. Ingia kwenye mipangilio, iwekee kikomo cha kugawa, kisha izuie kujiwasha yenyewe kompyuta inapowaka. Badilisha pia nywila ya ruta iliyotoka nayo dukani. Jirani naye ana filamu zake.