Kulea Vifaranga wa Tanganyika: Maji Kwanza, Chakula Baadaye

Ziwa Tanganyika, linalozungukwa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina samaki wengi wasiopatikana kwingine kokote duniani. Mmoja wao ni Neolamprologus multifasciatus, samaki mdogo mwenye mistari, wa ukoo mmoja na sato na perege. Dume lake hufikia sentimita 4 au 5 tu. Huishi na kuzaliana ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyolala kwenye mchanga wa ziwa.

Anayetaka kujifunza kulea vifaranga nyumbani aanze na huyu. Weka mchanga na makombe tele kwenye tangi: jike atataga ndani ya kombe na mayai yataanguliwa humohumo. Wazazi hawana kawaida ya kuwala watoto wao, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahamisha. Kazi inayobaki kwako ni maji, na hapo ndipo vifaranga wengi hufia.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Ndani ya maji amonia huwa na sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu. Kinachoamua ipi izidi ni pH. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya sumu haifiki asilimia 1. Katika pH 9, ambayo ni karibu na ile ya ziwa lenyewe, hupita asilimia 30. Maji yale yale yanayomfaa samaki wa Tanganyika ndiyo yanayoikoleza sumu. Uchafu ambao samaki wa maji ya kawaida angeuvumilia unaweza kumaliza uzao mzima wa hawa kwa usiku mmoja.

Kinga yake ni bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo zaidi. Huchukua wiki 4 hadi 6 kustawi, kwa hiyo tangi liandaliwe kabla samaki hawajanunuliwa. Tumia chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa: bakteria hukaa humo, na halifyonzi vifaranga. Likichafuka, likamulie ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Klorini ya maji ya bomba huwaua bakteria hao.

Siku za mwanzo kifaranga hutegemea kiini cha yai alichobaki nacho. Anapoanza kuchungulia mdomoni mwa kombe, mpe artemia (vijikamba vya maji ya chumvi) walioanguliwa punde. Mayai yao huuzwa makavu. Yatie kwenye maji yenye chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, pitisha hewa, na kwa joto la nyuzi 27 hivi yataanguliwa baada ya siku moja. Wachuje na kuwasuuza kabla ya kulisha, ili chumvi isiingie tangini.

Lisha kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Kipimo kizuri ni tumbo la kifaranga: akishiba artemia, tumbo hubadilika kuwa la rangi ya chungwa na huonekana hata nje ya ngozi. Ukiliona hivyo, acha. Kinachobaki chini kifyonze kwa mpira mwembamba.

Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji mara mbili kwa wiki, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto na pH sawa na ya tangini. Pima amonia na nitriti mara kwa mara; zote zinapaswa kusoma 0. Siku kipimo kikionyesha amonia, usilishe kabisa: badilisha maji kwanza, kisha upime tena. Kifaranga aliyekosa mlo wa siku moja atakua, ila kwa kuchelewa kidogo. Aliyeungua matamvua kwa amonia hakuna chakula kitakachomponya.