Sauti Zilizobaki Nyumbani: Utangulizi wa Uchunguzi wa Vipindi vya Kale vya Redio

Kwa zaidi ya miaka 40, betri zilizowasha redio nyingi za Kenya zilitengenezwa Nakuru, katika kiwanda cha Eveready, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Zilipandishwa barabara ya Eldoret, zikapita Salgaa, zikateremshwa madukani Sachangwan, na mteja akanunua mbili au nne kulingana na redio yake na alichonacho mfukoni. Zikichoka alizianika juani zimpe siku moja au mbili zaidi. Katika miinuko hii ya Mau, ambako nyumba nyingi zilikaa miongo mingi bila umeme, kusikiliza redio kulikuwa na gharama, na mwenye redio alipima. Taarifa ya habari hakuikosa. Matangazo ya vifo yalisikilizwa kimya, nyumba nzima, maana huenda likatajwa jina la mtu wao. Salamu zilisubiriwa, mchezo wa kuigiza ulisubiriwa, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alisubiriwa. Vikiisha hivyo, redio ilizimwa.

Nimeanza na betri kwa sababu fani ninayokukaribisha kwayo inaanzia kwa msikilizaji. Inachunguza vipindi vya zamani vya redio: vilitungwaje, vilisikilizwaje, vimebaki wapi, na vinawezaje kusikika tena kwa mtu aliyekua na simu mkononi. Inagusa historia, fasihi simulizi, isimu na ufundi wa sauti. Hoja yangu ni moja: sehemu kubwa ya kumbukumbu ya redio yetu iko majumbani, kwenye kaseti za watu waliopenda kipindi kiasi cha kukirekodi, na mtafiti asiyepiga hodi huko ataandika historia ya kituo akidhani ameandika historia ya redio.

Wapenzi ndio waliotangulia katika kazi hii, wasomi tukafuata. Uingereza katika miaka ya 1960, watoto na vijana waliweka kinasa sauti mbele ya televisheni wakarekodi sauti za Doctor Who. BBC baadaye ilifuta kanda nyingi za kipindi hicho ili zitumike tena. Picha za vipindi kadhaa hazijapatikana hadi leo, lakini sauti ya kila kimoja ipo, kwa sababu ya vijana wale. Mwaka 1972 mashabiki wa Goon Show, kichekesho cha redio, waliunda chama cha kukihifadhi. Los Angeles kikaundwa chama kama hicho mwaka 1974 kwa ajili ya tamthilia za redio za Marekani. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyetumwa na chuo. Waliona kitu wanachokipenda kinapotea, wakakishika.

Kwetu utangazaji ulianza mwaka 1928, ukiwalenga walowezi. Vipindi vya Waafrika vilipata nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, familia zilipotaka habari za vijana waliokuwa vitani. Mwaka 1964 kituo kikawa Sauti ya Kenya, VoK, na mwaka 1989 kikarudia jina lake la awali, Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Sehemu kubwa ya yaliyotangazwa miaka hiyo ilikwenda hewani moja kwa moja. Mkanda wa rili ulikuwa bidhaa ya kuagizwa ng'ambo, na uzuri wake ulikuwa pia hatari yake: ungeweza kurekodiwa upya juu ya kilichokuwamo.

Katikati ya upotevu huo amesimama mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi wa fani hii hukutana naye mapema. Mbotela alijiunga na VoK mwaka 1964, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Aliendelea nacho kwa zaidi ya nusu karne; alifariki Februari 2025. Kipindi kilikuwa kifupi na umbo lake halikubadilika sana: tabia fulani ya kila siku inaelezwa, kisha msikilizaji anaulizwa swali lile lile. Adabu ya mgeni, ya jirani, ya mezani, ya barabarani. Swali hilo lilitoka redioni likaingia vinywani. Mama alimuuliza mtoto, mwalimu akamuuliza mwanafunzi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa limetoka wapi. Sasa fikiria utajiri wa kitu hicho kwa mtafiti. Mtangazaji yule yule, swali lile lile, kuanzia miaka mitatu baada ya uhuru hadi zama za simu. Ukiwa na rekodi zenye tarehe unaweza kufuata, mwongo baada ya mwongo, jamii ilichokiona kuwa aibu na ilichokisamehe. Bila tarehe unabaki na sauti nzuri tu. (Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Nadhani haiwezekani kumsoma baba bila kumsikia mwana, na kuna tasnifu inayosubiri mwandishi hapo.)

Kipindi cha salamu nacho kimedharauliwa kupita kiasi. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza majina ya anaowasalimu na mahali walipo, akaituma kwa posta, akangoja. Mtangazaji alisoma jina baada ya jina. Masikio ya leo yanaweza kuchoka, lakini sikiliza kama mwanahistoria: mfanyakazi wa bandari ya Mombasa anawasalimu wazazi Molo, mchuma chai wa Kericho anamsalimu dada Kisii, dereva anawasalimu wenzake njia nzima. Ni ramani ya ndugu na ajira iliyochorwa na wenyewe, na sijui daftari la serikali linaloikaribia. Wanasalamu walijipa majina ya sifa, wakajuana kwa majina hayo bila kuonana, na baadaye wakaunda vyama vya kutembeleana na kuzikana.

Michezo ya redio ina hali tofauti, kwa kuwa mingi ilifadhiliwa, na mfadhili hutaka ripoti. Ushikwapo Shikamana ilianza mwaka 1987 ikizungumzia uzazi wa mpango, ikarudi hewani mwishoni mwa miaka ya 1990, na msomi Kimani Njogu akiwa miongoni mwa walioiongoza. Tembea na Majira ilianza mwaka 1996 na kuyaleta mambo ya shamba ndani ya hadithi ya familia. Kwa wakulima wa viazi na pareto wa Molo na Kuresoi, hayo yalikuwa maisha yao. Tanzania ilitoa Twende na Wakati mwaka 1993, na watafiti wakaiacha Dodoma bila mchezo huo kwa miaka miwili ili walinganishe. Karatasi za michezo hii zitakwambia wangapi walisikiliza na wangapi walisema wamebadili tabia. Hazitakwambia mwigizaji alinyamaza wapi kabla ya kusema neno zito, na sanaa ya redio imo katika kunyamaza huko.

Kwa nini basi nimeanzia Sachangwan? Wakenya wengi walilijua jina hili kwa taarifa ya habari, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua watu zaidi ya 100. Ni haki jina hilo likumbukwe hivyo. Lakini mahali hapa pana jambo jingine la kumfundisha mtafiti wa redio. Pana baridi, usiku watu hukaa jikoni karibu na moto, na masafa ya kati husafiri mbali zaidi jua likishazama, kwa kuwa tabaka la anga linalomeza mawimbi hayo mchana hutoweka usiku. Redio ya betri kwenye mwinuko huu ingeweza kupita Nairobi ikanasa vituo vya nchi jirani, na mikanda ya majumbani huchanganya vituo bila kujali mipaka. Tena watu wa hapa ni Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii na wengine, kila mmoja akiwa na saa yake ya kusikiliza lugha ya kwao na wote wakikutana kwenye Kiswahili.

Hapa hapa ndipo panapoonekana jinsi kumbukumbu inavyopotea kwa njia ambayo vitabu vya uhifadhi havitaji. Nyumba ziliteketezwa Molo katika mapigano ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, kitambulisho na blanketi. Kaseti zilibaki ndani. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini rekodi za sehemu hii ni chache, siwezi kumjibu kwa habari ya unyevu na vumbi peke yake.

Zilizosalia zinahitaji mkono wenye subira. Chukua kaseti ya kawaida. Mkanda wake una upana wa milimita 3.81 na hupita kichwani mwa mashine kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Mgongoni kuna vijino viwili vya plastiki. Kimoja kikiwa kimevunjwa, mwenyewe hakutaka upande wake urekodiwe tena, na hilo ni neno lake kwako ingawa huenda hakuandika chochote kwenye lebo. Kaseti ya dakika 120 ina mkanda mwembamba unaovutika na kumezwa na mashine, kwa hiyo haipelekwi mbio mbele na nyuma. Kabla ya kuicheza iangalie kama ina ukungu, izungushe taratibu kwa penseli, na usafishe kichwa cha mashine.

Kisha utasikia jambo ambalo huwashangaza wageni: sauti ya mtangazaji ni nyembamba na ya haraka, kama anafukuzwa. Mashine yako ni nzima. Siku ile betri za kinasa sauti zilikuwa zimechoka, mkanda ukapita polepole, na leo ukipita kwa kasi kamili kila kitu hukimbia. Marekebisho yanataka kipimo. Nyumba yenye umeme mara nyingi huacha mvumo wa hezi 50 kwenye rekodi, na fundi huutumia huo. Nyumba ya betri haina mvumo. Lakini ukibahatika, msikilizaji alirekodi saa ilipogonga akiwa kwenye BBC, ambayo imetangaza kwa Kiswahili tangu 1957: milio sita, ya hezi 1,000, inayoachana kwa sekunde moja, wa mwisho ukiwa mrefu. Ukiipima ukakuta 1,060, unajua upunguze kiasi gani, na mtangazaji anarudi kwenye sauti yake. Hifadhi nakala ya kwanza kama ilivyo, biti 24 na hezi 96,000, bila kusafisha kitu. Mvua juu ya mabati, jogoo, mtu anayesema "nyamazeni kidogo": vyote ni ushahidi wa jinsi kipindi kilivyosikilizwa, na programu za kuondoa kelele huviondoa kwanza.

Kuhifadhi bila kurudisha ni nusu ya kazi. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, ng'ambo ya Msitu wa Mau, ukiwamo Chemirocha ambao wasichana waliuimba wakimtaja mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers. Sahani hizo zilikwenda Afrika Kusini, zikasifiwa duniani kote, na ikapita miaka zaidi ya 60 ndipo maktaba inayozitunza ilipoungana na mradi wa Singing Wells na kuzirudisha kwa Wakipsigis. Tanzania, Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi studioni kwake, na vijana wa Tanzania Heritage Project wakajitokeza kupigania kanda hizo zihamishiwe kwenye kompyuta. Hapa Kenya, mtangazaji Fred Obachi Machoka, kwa kipindi chake cha Roga Roga cha Radio Citizen, amewafanya watu wasiokuwapo enzi za muziki wa zamani waujue muziki huo. Vipindi vya maneno bado havijapata mlezi wa namna hiyo, na hilo ndilo pengo ninalotaka kizazi kijacho kilizibe.

Kuhusu sheria: Kenya hulinda matangazo kwa miaka 50 baada ya mwaka yaliporushwa, hivyo ulinzi wa matangazo ya 1966 uliisha mwishoni mwa 2016. Mswada wa mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 zaidi. Uliza kabla ya kurusha.

Kwa kusoma, anza na Radio in Africa, mkusanyo wa 2011 uliohaririwa na Liz Gunner, Dina Ligaga na Dumisani Moyo, kisha utafute kazi za Ligaga kuhusu tamthilia za Kiingereza za KBC. Ukimaliza, funga vitabu, uende kwa watu.

Na wewe uliyesoma hadi hapa ukijua kuna katoni ya kaseti juu ya kabati kwenu: usizijaribu kwenye redio ya zamani iliyokaa miaka. Ziweke mahali pakavu, mbali na spika, uvunje vijino ambavyo bado vipo, na uandike kwenye karatasi kila unachokijua. Kisha mkalie karibu mzee aliyezirekodi umuulize ni mwaka gani, kituo gani, nani anacheka pale nyuma. Muulize mwezi huu. Kaseti huweza kungoja kidogo. Mwenye kuifahamu hangoji.