Kunguni Mwindaji: Rafiki wa Mkulima Mwenye Sura ya Kangambili

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ardhi huwapa watu dhahabu za namna mbili. Ya kwanza huchimbwa miambani, kama ilivyo huko Geita, ambako mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Ya pili huota juu ya ardhi, nayo ni pamba, ambayo kwa miaka mingi wenyeji na wanunuzi wameiita "dhahabu nyeupe". Dhahabu hii ya pili haiharibiwi na kutu wala maji ya mgodini. Adui zake ni wadudu, na mmojawapo ni kangambili, mdudu mwekundu anayejulikana kwa kila mkulima wa pamba.

Hata hivyo, si kila mdudu mwekundu aonekanaje juu ya kitumba cha pamba ni kangambili. Kati ya makundi yao hutembea mdudu mwingine, mwenye rangi na madoa yaleyale, ambaye chakula chake ni kangambili wenyewe. Wataalamu wamempa jina la Phonoctonus, linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuua. Katika makala haya ataitwa kunguni mwindaji. Kumtambua ni jambo lenye faida, kwani mkulima asiyemjua humwua pamoja na adui, kisha hubaki peke yake katika vita.

HASARA YA KANGAMBILI

Ili kufahamu thamani ya mwindaji, yafaa kwanza kumfahamu mwindwa. Kangambili ni wa jenasi iitwayo Dysdercus. Chakula anachokipenda ni mbegu. Vitumba vya pamba vinapokomaa na kuanza kupasuka, kangambili huruka kutoka katika mimea ya porini na kuingia mashambani. Huchoma kitumba kwa mrija wake mwembamba hadi kuifikia mbegu, akafyonza mafuta na utomvu uliomo ndani.

Mbegu iliyofyonzwa hupungua mafuta, na mara nyingi haioti ikipandwa. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi hutokana na kuvu anayebebwa na mdudu huyo mdomoni. Kuvu huyo huingia kitumbani pamoja na mate, akaota ndani na kuzitia nyuzi rangi ya manjano au ya kahawia. Pamba ya namna hiyo haiwezi kuwekwa katika daraja la "safi". Huingia katika daraja la "fifi", ambalo bei yake ni ya chini. Hivyo mkulima aliyelima, akapalilia na kuvuna kwa jasho lilelile hupata malipo pungufu kwa sababu ya tundu lisiloonekana kwa macho.

UKOO WA KUNGUNI MWINDAJI

Kangambili na kunguni mwindaji wote wawili wamo katika oda ya Hemiptera, yaani wadudu wenye midomo ya kuchomea na kufyonzea. Katika kundi lao ndani ya oda hiyo, nusu ya bawa la mbele ni ngumu kama ngozi, na nusu iliyobaki ni nyembamba kama utando. Baada ya hapo njia zao hutengana. Kangambili ni wa familia ya Pyrrhocoridae, ambayo wadudu wake wengi hula mbegu na utomvu wa mimea. Kunguni mwindaji ni wa familia ya Reduviidae, yenye spishi zipatazo 7,000 duniani, nyingi zikiwa ni za wadudu wanaoishi kwa kuwinda wadudu wenzao.

Kwa hiyo kufanana kwa wadudu hawa wawili si kufanana kwa ndugu. Ni sura tu iliyofanana, ilhali ukoo uko mbali. Jambo hili latukumbusha kwa nini wanasayansi hawaainishi viumbe kwa rangi peke yake, bali huchunguza maumbile ya mdomo, kichwa, mabawa na viungo vingine.

Familia ya Reduviidae ina jamaa wengine mashuhuri katika Afrika Mashariki. Mmoja ni Platymeris rhadamanthus, kunguni mkubwa mweusi aliyeelezwa kisayansi na Gerstaecker mwaka 1873. Mwaka 1958 F. L. Vanderplank, mtafiti ambaye katika miaka ya 1940 alikuwa akichunguza mbung'o huko Shinyanga, alichapisha maelezo kwamba kunguni huyo huwala chonga, wale mbawakawa wenye pembe waharibuo minazi. Baadaye wadudu wa jenasi hiyo walipelekwa katika visiwa vya Pasifiki na huko India ili wasaidie kupambana na chonga.

Wapo pia jamaa wabaya. Katika bara la Amerika wako kunguni wa familia hiyohiyo wanaonyonya damu ya watu na kueneza ugonjwa wa Chagas, uliogunduliwa na daktari Carlos Chagas wa Brazili mwaka 1909. Kijidudu cha ugonjwa huo ni jamaa wa kile kisababishacho malale. Kunguni mwindaji wa mashamba ya pamba hana tabia hiyo. Windo lake ni wadudu, si watu.

JINSI YA KUWATOFAUTISHA

Mtu akiwatazama kwa mbali, huona wadudu wekundu au wa rangi ya machungwa, wenye alama nyeusi juu ya mabawa. Akiwatazama kwa karibu, ataziona tofauti zifuatazo.

Kwanza, mdomo. Mrija wa kangambili ni mrefu, mwembamba na ulionyooka, na asipokula huulaza chini ya mwili wake. Mrija wa kunguni mwindaji ni mfupi, mnene na uliopinda kama mundu, na ncha yake huegemea katika mfereji mdogo ulio kifuani.

Pili, kichwa. Kichwa cha kangambili ni kama pembetatu iliyoshikamana na kifua. Cha mwindaji ni chembamba na kirefu, na nyuma ya macho kimebanwa mithili ya shingo. Aidha, kwa kutumia kioo cha kukuzia, mtu ataona kwamba mwindaji ana vijicho viwili vidogo nyuma ya macho yake makubwa, ambavyo kangambili hana.

Tatu, umbo na mwendo. Mwindaji kwa kawaida ni mkubwa kuliko kangambili, na hutembea polepole kama anyemeleaye. Kangambili akishtushwa hukimbia upesi au hujiangusha chini.

Ieleweke kwamba mdudu huyu hafai kushikwa kwa vidole. Akibanwa huchoma, na mchomo wake huuma sana. Atazamwe akiwa juu ya mmea, au achukuliwe kwa chupa.

MAISHA NA MAWINDO YAKE

Jike hutaga mayai kwa mafungu, yakiwa yamegandishwa pamoja kwa ute. Mayai yakianguliwa hutoka tunutu, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa, ambaye hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa mdudu kamili. Tangu utotoni tunutu hao nao wana wekundu unaofanana na ule wa watoto wa kangambili, na huishi miongoni mwao.

Namna ya kuwinda kwake ni ya utulivu. Mwindaji husogea taratibu hadi karibu na kangambili, akamkamata kwa miguu ya mbele na kumchoma kwa mrija mahali palipo laini. Kisha humwingizia mate yenye sumu. Mate haya hufanya kazi mbili: hupooza windo, na huyeyusha nyama za ndani hata zikawa uji unaoweza kufyonzwa. Nguvu ya mate ya familia hii ilionyeshwa na J. S. Edwards mwaka 1961 alipomchunguza yule Platymeris aliyetajwa hapo juu: mende aliyechomwa alipooza katika muda wa sekunde chache tu. Mwindaji akishiba huacha ganda tupu, ambalo mkulima makini huweza kuliona likiwa limening'inia kwenye kitumba.

Swali lililowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu ni sababu ya kufanana kwa mlaji na mliwa. Katika Afrika Magharibi, G. O. Stride alieleza mwaka 1956 jinsi wawindaji hawa wanavyofuata sura ya kangambili wanaoishi pamoja nao. Maelezo mawili hutolewa. La kwanza ni kwamba sura hiyo humwezesha mwindaji kuishi katikati ya kundi bila ya kulitia hofu. La pili ni kwamba rangi nyekundu ni onyo kwa ndege. Ndege aliyejifunza kuwaepuka kangambili humwepuka na mwindaji pia. Maelezo haya hayapingani, kwani vazi moja laweza kumfaa mwenyewe kwa mambo mawili.

MWINDAJI, DAWA NA MKULIMA

Vazi hilo linalomlinda mbele ya ndege humponza mbele ya binadamu. Mkulima aonapo wekundu shambani hulichukua bomba na kupulizia dawa. Dawa nyingi hazichagui. Humwua adui na rafiki kwa pamoja. Baada ya hapo kangambili wapya huweza kuruka kutoka kwenye mibuyu na mimea mingine ya porini iliyo jamaa ya pamba, wakaingia shambani mara moja. Wawindaji hurejea kwa kuchelewa, kwa kuwa idadi yao daima ni ndogo kuliko ya wale wanaowala. Katika muda huo kangambili hula bila ya bughudha.

Haifai pia kumpa mwindaji sifa asizostahili. Peke yake hawezi kuzuia uvamizi mkubwa wa kangambili, hasa wanapofika kwa wingi wakati vitumba vingi vimepasuka. Yeye ni msaidizi, na msaidizi huhitaji mwenye shamba atimize wajibu wake. Wajibu huo waujua wakulima wengi: kupanda kwa wakati, kuvuna mapema pamba inapopasuka bila ya kuiacha shambani, kutenga fifi na safi tangu wakati wa kuchuma, na kung'oa na kuchoma mabua baada ya mavuno ili wadudu wasipate chakula cha kuwavusha hadi msimu mwingine.

Lililo muhimu zaidi ni kukagua shamba kabla ya kupulizia. Katika Kanda ya Ziwa, Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Ukiriguru, kilichopo wilayani Misungwi, ndicho chimbuko la mbegu za pamba zenye jina la "UK", kama vile UK91. Lakini mbegu bora hulindwa na jicho linalojua kutofautisha. Mkulima anayepita kati ya mistari yake asubuhi, akainama na kutazama mdomo wa mdudu kabla ya kumhukumu kwa rangi yake, ataweza kujua kama shamba lina maadui watupu, au kama tayari lina mlinzi anayefanya kazi bila ya ujira.