Fedha za Ruzuku ya Mbolea Zinapita Wapi Hadi Kumfikia Mkulima

Msimu wa kilimo unapokaribia, wapo wakulima wanaofika ofisi za vijiji kuulizia siku ya kulipwa fedha za ruzuku. Siku hiyo haipo. Katika mpango wa ruzuku ya mbolea uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya tarehe 8 Agosti, 2022, mkulima hapokei fedha taslimu. Hununua mbolea kwa bei iliyopunguzwa, kisha Serikali huilipa kampuni ya mbolea tofauti ya bei baada ya mauzo kuthibitishwa.

Mpango huo ulianza wakati bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani kutokana na athari za UVIKO-19 na vita nchini Ukraine. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ulishushwa kutoka shilingi 131,676 hadi 70,000, na Urea kutoka shilingi 124,734 hadi 70,000. Kwa msimu wa 2022/2023 zilitengwa shilingi bilioni 150. Mkulima wa mahindi aliyetumia mfuko mmoja wa DAP kupandia na mmoja wa Urea kukuzia alipata nafuu ya shilingi 116,410, fedha ambazo hakuzishika mkononi hata mara moja.

Kinachoziongoza fedha hizo ni namba ya mkulima. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, husajili wakulima kupitia vijiji na mitaa yao, pamoja na ukubwa wa mashamba na mazao wanayolima. Dukani, wakala huingiza namba ya mkulima na kusoma kwa simu alama iliyobandikwa kwenye mfuko. Bila kumbukumbu hiyo, kampuni haina msingi wa kudai malipo serikalini.

Kwa sababu hiyo, kumwazima jirani namba si jambo dogo. Mifuko atakayochukua itahesabiwa kwa mwenye namba, ambaye anaweza kufika dukani na kukuta mgawo wake umekwisha. Aliyeandikisha ekari mbili ilhali analima tano atahesabiwa mbili. Na anayezidisha ekari hujichukulia sehemu ya bajeti iliyokusudiwa wengine. Vocha za karatasi zilizoanza kutumika msimu wa 2008/2009 zilikuwa na udhaifu wa aina hiyo: vocha iliweza kuuzwa kabla haijafika dukani.

Bei ya mfuko, hata hivyo, si gharama yote. Katika wilaya kama Mbozi, mkoani Songwe, mkulima anayelazimika kusafiri hadi Vwawa au Mlowo kutafuta wakala huongeza nauli na gharama ya kubeba mzigo, na akikuta foleni huongeza pia siku ya kazi. Msimu wa kwanza ulionesha wazi tatizo hilo la umbali, na baadaye vyama vya msingi vya ushirika vikaanza kutumika kama vituo vya mauzo.

Muda nao una uzito wake. Mvua za Mbozi huanza Novemba, na DAP ni mbolea ya kupandia. Ikifika mbegu zikiwa zimekwishaota, punguzo halimsaidii sana mkulima. Anayetaka kurekebisha ekari, zao au namba ya simu anapaswa kumwona mtendaji wa kijiji au afisa ugani kabla ya mauzo kuanza, na anaponunua adai risiti inayoonesha bei aliyolipa.